Amri za Seva Zifundishwe Shuleni

Takwimu za zahanati za Songea, sawa na za wilaya nyingine nchini, huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao huzitunza katika seva ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Humo takwimu hupangwa katika majedwali yanayohusiana, kwa kanuni aliyoieleza Edgar Codd mwaka 1970. Programu hiyo ni ya bure, na kompyuta moja ya kawaida katika maabara ya shule yatosha kuiendesha.

Yafaa, basi, mwanafunzi aisimike mwenyewe kwa kuandika amri, wala si kwa kubofya picha tu. Amri iliyoandikwa husomeka, hunakiliwa daftarini, na mwalimu huweza kuisahihisha. Kisha mwanafunzi alifungue faili la pg_hba.conf, liamualo nani aingie na kwa njia gani. Humo neno moja tu, trust, likiandikwa pasipo uangalifu, laweza kumruhusu mtu aingie bila kuulizwa neno la siri.

Ieleweke kwamba asiyeweza kulisoma faili hilo hawezi kudai kuwa analinda kumbukumbu za umma. Shule na zianze na jedwali dogo: mahudhurio ya darasa moja.