Manyoya ya mbwa mlangoni pa msikiti

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, bonde letu la Kilombero linaishi kwa mpunga. Penye mpunga pana ghala, na penye ghala pana mlinzi na mbwa wake. Kwa miaka mingi mbwa huyo alikuwa wa kienyeji, mwembamba na mwenye manyoya mafupi, aliyelala chini ya dungu shambani na kufukuza nguruwe pori na ngedere. Siku hizi mjini Ifakara wapo wanaoleta mbwa wa kizungu, wakubwa, wenye sauti nzito na manyoya tele. Pamoja nao yamekuja maswali katika kamati ya msikiti, na karibu yote yanahusu manyoya hayo. Yanapeperuka uani, yananasa kwenye kanzu iliyoanikwa, yanaonekana hata juu ya busati. Je, nguo imenajisika? Swala imebatilika? Tuyatazame kwa utulivu, kwanza kwa upande wa mnyama mwenyewe, kisha kwa upande wa sheria.

KWA NINI WENGINE HUPUKUTISHA SANA

Kila unyoya una umri wake. Huota, hukoma kukua, kisha hung'oka na kuupisha mwingine. Mbwa waliotokana na nchi za baridi wana matabaka mawili ya manyoya. La juu ni refu na gumu, nalo huzuia mvua. La ndani ni laini na jingi mithili ya sufi, nalo huhifadhi joto. Hilo la ndani ndilo lipukutikalo kwa mafungu. Katika kundi hili yumo German Shepherd, ambaye wengi wetu humwita mbwa wa polisi, aliyeanza kuzalishwa kwa utaratibu nchini Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz kwa kazi ya kuchunga kondoo. Yumo pia Labrador, ambaye asili yake ni kwa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, na Husky wa Siberia, aliyezoea kuvuta mizigo juu ya theluji.

Huko kwao mwili wa mbwa hufuata urefu wa mchana. Baridi inapokwisha, hutupa manyoya mengi kwa wiki chache, na baridi inapokaribia hubadilisha tena. Hapa kwetu, kiasi cha nyuzi 8 kusini mwa ikweta, mchana wa Desemba na mchana wa Juni hautofautiani hata kwa saa moja na nusu. Mbwa wa namna hiyo hapati ishara ya wazi ya majira, kwa hiyo aghalabu hupukutisha mwaka mzima.

Wala ufupi wa manyoya usimdanganye mnunuzi. Dalmatian, yule mweupe mwenye madoadoa meusi, ana manyoya mafupi kabisa, lakini hupukutika kila siku na kujichomeka katika kitambaa kama sindano ndogo. Kinyume chake, Poodle ana manyoya yanayoendelea kurefuka na hudondosha machache, ila ni lazima yakatwe mara kwa mara. Mbwa wetu wa kienyeji hupukutisha pia, lakini wengi wao wana manyoya mafupi na haba, na si wa kujaza fagio kila asubuhi. Mwenye kutafuta mlinzi wa ghala atafakari hilo kabla ya kutoa fedha zake kwa ajili ya fahari.

HUKUMU YA UNYOYA

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, mbwa ni najisi nzito, mwili wake, mate yake na manyoya yake. Katika madhehebu ya Hanafi mate ni najisi, lakini manyoya ni tohara, na Ibn Taymiyya naye aliona hivyo. Imam Malik alimhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, na akaifahamu amri ya kuosha chombo alichokiramba kuwa ni ibada. Hizi ni ijitihadi za wanazuoni wakubwa, na haifai kuzigeuza mawe ya kurushiana msikitini.

Hata tukishika kauli nzito kuliko zote, ambayo ndiyo ya madhehebu yetu, mambo si magumu kama yanavyodhaniwa.

La kwanza, kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Unyoya mkavu ukiangukia kanzu kavu, uondoe. Ukishaondoka, kanzu ni tohara, na hakuna kuosha mara saba.

La pili, usiswali nao hali unajua kuwa uko nguoni, kwa sababu kubeba najisi ndani ya swala huibatilisha. Msamaha ambao mafakihi wa Kishafi wameutoa kwa manyoya machache yenye najisi haukumhusu mbwa. Ndiyo maana mtu hujikagua kabla ya kuingia safuni. Aliyeugundua baada ya kutoa salamu ajue kwamba wanazuoni wana kauli mbili kuhusu kuirudia swala hiyo, basi na amwulize sheikh wake.

La tatu, penye umajimaji hukumu hubadilika. Mate ya mbwa, au manyoya yaliyolowa yakigusa nguo, au manyoya makavu yakigusa nguo mbichi, hapo Shafi huosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Asili yake ni hadithi sahihi ya chombo kilichorambwa na mbwa, na viungo vingine vikapimwa kwa mate. Kwetu jambo hili ni zito zaidi wakati wa masika, ambapo bonde hujaa maji na nguo hushinda mbichi kambani.

La nne, kumgusa mbwa hakutengui udhu. Mwenye kuguswa na najisi huosha mahali palipoguswa, na udhu wake unabaki.

MLINZI ALIYEKIMBIA SAFU

Nimeyaeleza haya kwa sababu yupo mlinzi mmoja wa ghala la mpunga aliyekuwa hakosi swala ya Alfajiri, kisha akapotea kwa wiki kadhaa. Alipotembelewa na wajumbe alieleza kwamba watu wawili walijitenga naye safuni walipoona manyoya kwenye shati lake, na mtoto mmoja akamwita kwa jina la mbwa, wakubwa wakacheka. Mbwa yule hakumchagua yeye. Aliyemnunua ni mwenye ghala, na yeye amekabidhiwa kamba tu.

Ndugu zangu, hapo nani aliyekosea zaidi? Sheria imeruhusu kufuga mbwa kwa ajili ya kuwinda, kuchunga mifugo na kulinda shamba, na wanazuoni wengi wameingiza humo ulinzi wa nyumba na mali. Onyo la kupungukiwa na thawabu kila siku limemlenga anayefuga pasipo haja. Aya ya nne ya Suratul Maida inazungumzia wanyama waliofunzwa kuwinda, na Suratul Kahf inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni. Imepokewa pia kutoka kwa Ibn Umar kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mbwa walikuwa wakipita msikitini, wala watu hawakuwa wakinyunyizia maji kwa sababu hiyo. Wanazuoni wetu wameifasiri hadithi hii kwa njia mbalimbali, lakini hakuna hata mmoja wao aliyejenga juu yake ruhusa ya kumfedhehesha mwenye kuswali. Unyoya huondolewa kwa vidole viwili. Moyo uliovunjwa mbele ya jamaa hautengenezwi kwa urahisi huo.

Mlinzi ana wajibu wa kujikagua. Mwenye kuswali naye ana wajibu wa kumnong'oneza ndugu yake kwa adabu, kabla ya iqama, kwamba kuna unyoya begani. Na mwenye ghala ana wajibu mkubwa kuliko wote wawili. Aliyeleta mbwa mwenye manyoya mengi ampe mtunzaji wake nguo za kazi, mahali pa kubadilishia, maji, na nafasi ya kwenda kuswali. Hiyo ni haki ya mfanyakazi.

MATUNZO YANAYOPUNGUZA TABU

Mbwa wa matabaka mawili achanwe kwa burashi ngumu mara kadhaa kwa wiki, nje ya ua, mbali na kamba za nguo na upande usiopeleka upepo nyumbani. Manyoya yakusanywe na kufukiwa. Asinyolewe kwa kudhani kwamba atapata nafuu ya joto, kwani manyoya hayo humkinga na jua pia, na yakinyolewa huenda yasiote vizuri tena. Apewe kivuli na maji.

Ndani ya nyumba, wengi hukimbilia kitambaa kilicholowa ili kuzoa manyoya. Kwa anayefuata Shafi, huko ni kujiongezea kazi, maana maji ndiyo yanayohamisha najisi. Anza na fagio kavu au burashi kavu, na kwenye nguo tumia utepe wa gundi. Yakishaondoka yote, ndipo maji yafuate. Kila msikiti uwe na burashi kavu karibu na sehemu ya kuvulia viatu. Bei yake ni ndogo, na itawafaa pia wenye pumba za mpunga mabegani.

Manyoya yakidondoka kwa mabaka na ngozi ikabaki wazi, hayo si maumbile. Huenda ni upele, minyoo au lishe duni, basi aitwe bwana mifugo. Na nyumba yenye mgonjwa wa pumu ifahamu kwamba kinachomdhuru zaidi ni chembe za ngozi na mate ya mbwa. Manyoya huzibeba tu, kwa hiyo hata mbwa asiyepukutisha anaweza kumletea taabu.

NENO KWA WAZAZI

Watoto wetu wanakua wakiogopa unyoya kuliko jino, ilhali kichaa cha mbwa huja kwa mate, hasa kwa kuumwa. Kuanzia mwaka 2010 wilaya za kusini-mashariki mwa Tanzania, pamoja na Pemba, zilifanyiwa kampeni za kuchanja mbwa dhidi ya ugonjwa huo, na chanjo isiishie kwenye kampeni. Mtoto akiumwa, oshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, ni nadra mno mtu kupona.

Tuwafundishe pia kwamba najisi ni hukumu ya tohara, nayo haikumhalalishia yeyote kumpiga mnyama mawe. Mtume (s.a.w.) alisimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Allah akamsamehe dhambi zake. Mtu huyo alimkaribia mbwa kwa rehema, na rehema ikamrudia.

Basi nguo tuikague, unyoya tuuondoe, na ndugu yetu abaki safuni.

Wabillahi tawfiq.