PANDA MAJANI KWANZA, MASHINE BAADAYE



Siku hizi mashine za kukatia majani ya ng'ombe zinauzwa katika miji yetu mingi. Ziko za kuzungusha kwa mkono, za umeme, na za petroli au dizeli. Ni vyombo vyema, wala sisemi usinunue. Neno langu ni hili: mkulima wa skimu asinunue mashine iliyo kubwa kuliko kazi yake, wala asinunue yoyote kabla ya kuwa na majani ya kukata. Akifanya hivyo atapata deni, na maziwa hayataongezeka hata kikombe kimoja.

Habari ya deni si ngeni kwetu. Wazee waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, walipewa ardhi kwa mkopo na wengi wakanunua ng'ombe kwa mkopo. Wengi walishindwa kulipa kwa wakati wake. Basi sisi tuliokaa katika mashamba hayo yatupasa kupima kila shilingi kabla ya kuitoa.

Fahamu kwanza kazi ya mashine. Ng'ombe akipewa nepia ndefu huchagua majani laini, na mabua huyaacha akayakanyaga katika samadi. Yakikatwa vipande vya inchi moja hivi, hawezi kuchagua sana, na chakula kinachopotea ni kidogo. Tena majani ya kuwekwa shimoni kwa ajili ya kiangazi lazima yakatwe vifupi, ili yashindiliwe sana na hewa itoke, yasioze. Faida ni hizo. Lakini mashine haigeuzi chakula kibaya kuwa chema. Nepia iliyozeeka ikikatwa ni nepia iliyozeeka. Mahindi yenye kuvu yakisagwa sumu yake haitoki, na sumu hiyo hupita katika maziwa mpaka kwa watoto wako.

Sasa tufanye hesabu. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400, ikiwa nepia ndicho chakula chake kikubwa, ahitaji kilo 60 hadi 70 za nepia mbichi kila siku. Ng'ombe watatu watahitaji kama kilo 200. Ili kuwalisha mwaka mzima, kila ng'ombe ahitaji nusu ekari mpaka ekari nzima ya nepia, kwa kadiri ya mvua na samadi. Basi mtu mwenye ng'ombe watatu na robo ekari ya nepia, injini itamfaa nini? Itakata majani yote aliyo nayo, na ng'ombe watalala na njaa vilevile. Fedha zile zingalimfaa zaidi kwa kununua miche ya nepia, na mbegu za majani ya jamii ya kunde kama desmodiamu, ambayo huongeza nguvu katika chakula.

Kwa maoni yangu, mwenye ng'ombe mmoja au wawili atosheke na panga kali na gogo la kukatia. Mwenye watatu hadi watano atafute mashine ya mkono. Mwenye zaidi ya hao, au mwenye kujaza shimo kubwa kila mwaka, huyo ndiye mwenye haja ya injini. Na kama kazi yako ya injini ni ya kujaza shimo tu, ni siku chache katika mwaka: kodi mashine ya jirani, au nunueni moja watu kadhaa. Lakini mkishirikiana, andikeni kwanza katika daftari nani atatunza mashine, nani atalipa mafuta na fundi, na zamu zitakwendaje. Ushirika usioandikwa huvunjika siku ile kisu kinapovunjika.

Ukienda kununua, usiangalie rangi. Chukua mzigo wa nepia yako mwenyewe, ile yenye mabua manene, umwambie muuzaji aikate mbele yako. Tazama saa, na pima vipande. Muulize visu hutolewaje vinolewe, na bei ya visu vipya. Muulize vipuri vyapatikana wapi, na fundi ni nani. Kama jibu ni mji wa mbali, fikiri mara mbili, maana fimbo ya mbali haiui nyoka. Mashine ikivunjika katika kiangazi, ng'ombe hawatangoja gari la vipuri. Ikiwa ni mashine ya kusagia nafaka, angalia chekeche zake. Ng'ombe hahitaji unga laini kama wa ugali. Mahindi yaliyovunjwavunjwa yamfaa zaidi.

Mwisho, angalia vidole vya watu wako. Usinunue mashine ya injini ambayo mkanda na gurudumu lake havina kifuniko. Mdomo wa kutilia majani uwe mrefu, hata mkono usifike kwenye visu. Asiyevifunga vizuri nguo au leso yake asiikaribie. Na mashine ya mkono nayo ifungwe kwa kufuli kazi ikiisha, kwa kuwa watoto hupenda kuzungusha gurudumu.

Basi, kabla ya kutia sahihi karatasi ya mkopo, hesabu ng'ombe wako, pima shamba lako la majani, na kwa juma moja pima uzito wa majani unayokata kila siku. Mpelekee afisa wa mifugo hesabu hiyo. Ikiwa majani hayatoshi, chukua jembe. Ikiwa yanatosha na panga limeshindwa, hapo ndipo mashine italipa gharama yake.