Mutura Iingie Baa, Tuache Kunywa na Tumbo Tupu

Kijana mwenzangu, Ijumaa jioni ukishuka matatu pale Runyenjes, harufu ya mutura itakufikia kabla ya muziki wa baa. Jamaa amesimama kando ya jiko la makaa, kisu mkononi, kachumbari kwenye bakuli. "Nikatie ya hamsini," unamwambia. Unakula ukiwa umesimama, unafuta mikono, safari inaendelea.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunampita tu. Tunaingia baa moja kwa moja, eti tutakula baadaye. Desemba moja tulimrudisha rafiki yetu nyumbani kwa bodaboda, mmoja wetu akimshikilia kwa nyuma asianguke. Siku hiyo alikuwa amelipwa pesa za kibarua cha kuchuma kahawa. Mamake alituuliza swali moja tu: "Leo amekula nini?" Tukaangaliana. Hakuna aliyekumbuka kumwona akila.

Usidhani chakula cha baa ni jambo dogo. Waulize Waingereza na Wamarekani, watu wa lugha moja wasioelewana hata kuhusu bekoni. Ya Mwingereza hukatwa zaidi mgongoni mwa nguruwe na ina nyama nyingi. Anaiweka katikati ya mkate wenye siagi, anaongeza sosi, basi. Ya Mmarekani hutoka tumboni, ina mafuta mengi, na hukaangwa hadi ivunjike ukiiuma. Sandwichi yake nayo anaipenda ikiwa na letasi, nyanya na mayonezi. Hata krispsi, Mmarekani huziita chipsi! Sisi tulifuata Mwingereza: kwetu chipsi ni vile viazi moto vya kwenye sahani. Kila mmoja anaona mwenzake amepotoka, na kila mmoja anajivunia chake.

Lakini vitafunio vyao vya baa pia vina ujanja wake. Njugu na krispsi zina chumvi, chumvi huleta kiu, na kiu hununua bia. Mwenye baa anaijua hesabu hiyo, awe London, Chicago au hapa kwetu.

Na unakumbuka 2020? Wakati wa corona baa zilifungwa, mikahawa ikaruhusiwa kufunguliwa. Ghafla kila baa ikawa mkahawa! Soseji moja inawekwa mezani kama leseni, chupa zinafuatana, na soseji inabaki hapo hadi inapoa. Mnamo Julai 27 mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku uuzaji wa pombe mikahawani kwa siku 30.

Ukidhani huo ni ujanja wa Mkenya pekee, umekosea. Desemba hiyohiyo, katika sehemu nyingi za Uingereza, baa ziliruhusiwa kuuza pombe kwa mteja anayekula mlo wa kutosha pekee. Basi watu wazima wakaanza kujadili iwapo yai la kuchemsha lililovikwa nyama ya soseji na kukaangwa ni mlo. Waziri George Eustice akasema linaweza kuhesabiwa kuwa mlo. Serikali inaweza kukuwekea chakula mezani, lakini haiwezi kukutia mdomoni. Hiyo kazi ni yako.

Pendekezo langu ni hili. Sisi wateja tuwaombe wenye baa wa Runyenjes wampe jamaa wa mutura kona ndani ya boma lao: paa, taa na maji ya mfereji. Yeye naye awe na cheti cha afya kama muuzaji yeyote wa chakula. Baa itapata wateja wanaokaa bila fujo, na kijana mwenzetu atafanya biashara bila kukimbizana na askari wa kaunti.

Utaniambia mutura ni chafu. Sawa, lakini ataoshaje ubao wake kando ya barabara pasipo na mfereji? Utaniambia pesa ni kidogo. Bei ya bia moja inakununulia ile mutura ya hamsini zaidi ya mara tatu. Pesa zipo, ila tumezipangia chupa kwanza. Na kama roho yako inataka smokie na kachumbari, au mayai boilo, kula. Mimi nasema tu usiache mbachao kwa msala upitao: mutura inashibisha, na hela zake zinabaki hapahapa kwetu.

Sikudanganyi kwamba ukila hutalewa. Chakula tumboni hupunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu, hivyo unapata nafasi ya kujua umetosha kabla miguu haijakukataa. Na kama hujafika miaka 18, mutura ni yako, baa bado.

Basi Ijumaa hii, kabla hujaagiza chochote, pitia kwa jamaa wa jiko. Na ukimwona rafiki yako amekaa mbele ya chupa bila sahani, muulize mapema amekula nini. Usingoje mamake aulize mlangoni.