Ridhaa ya Nani?

Katika lugha yetu liko neno moja ambalo watu wa michezo hulitumia kila siku bila ya kulitazama usoni. Neno hilo ni "ridhaa". Mchezaji asiyelipwa tumezoea kumwita mchezaji wa ridhaa, na ndondi zisizo na fedha huitwa ndondi za ridhaa. Lakini sisi tuliokaa jamvini chuoni twalijua neno hili kwa maana yake ya asili. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Biashara isiyo na ridhaa ya pande mbili haisihi, na mali ya mtu haiwi halali kwako ila kwa ridhaa ya nafsi yake.

Basi swali langu leo, ndugu msomaji, ni hili: kijana anayecheza kwa jina la ridhaa, hasa ni nani aliyeridhia?

Mjadala wenyewe ni wa Marekani, nao ni juu ya wanamichezo wa vyuo vikuu: je, walipwe au wasilipwe? Najua wako watakaosema, ya Marekani yatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Yatuhusu, na nitaeleza. Lakini kwanza tuiweke habari mahali pake.

Kule chuo kikuu si mahali pa kitabu tu. Kina timu za kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, kina mpira wa kikapu, riadha, kuogelea na mengineyo. Viko viwanja vya vyuo vinavyoingiza watu zaidi ya 100,000 kwa mchezo mmoja, na kila mmoja wao amekata tikiti. Mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume yanayochezwa kila Machi, haki ya kuyaonyesha katika televisheni iliuzwa mwaka 2010 kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Mwaka 2016 mkataba huo ukaongezwa hadi 2032 kwa dola nyingine bilioni 8.8. Wako makocha wanaopokea zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, na katika majimbo mengi ya nchi ile mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kupita wote si gavana wala daktari, ni kocha.

Na mchezaji, ambaye bila yeye hapana tikiti wala televisheni? Kwa miaka mingi kanuni za chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimruhusu karo, chumba, chakula na vitabu. Akipokea zaidi ya hapo, hata zawadi ndogo, aliweza kufungiwa asicheze.

Wanaopinga malipo wana hoja yenye uzito, nami sitaipuuza. Wao husema kijana huyu analipwa tayari, analipwa elimu. Karo ya mwaka mmoja katika vyuo vingi vya kule ni makumi ya maelfu ya dola, na wenziwe wasiocheza hutoka chuoni wakiwa na madeni shingoni. Mimi niliyelelewa na chuo, chuo chetu cha Kurani, siwezi kuidharau elimu. Tulikuwa tukimtekea mwalimu maji kisimani, tukimletea kuni, na kila Alhamisi tukimpelekea vipesa vyetu vilivyofungwa kwenye pindo la kitambaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kudai ujira. Tulichokipata hakina bei.

Lakini mwalimu wetu alikuwa akishona kofia huku akitusikiliza, maana vile vipesa havikumtosha hata chumvi. Alikula tulichokula. Hapakuwa na mtu mlangoni akiuza tikiti watu waje kututazama tukisoma. Ikiwa wote wamekaa kwa ajili ya Mungu, na mtoto naye akae kwa ajili ya Mungu. Ama ikiwa kocha yuko sokoni, mwenye uwanja yuko sokoni, mwenye televisheni yuko sokoni, mbona mtoto peke yake aambiwe yeye yuko msikitini?

Tukumbuke kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alipofika Madyan aliwanyweshea mifugo mabinti wawili kwa hisani tu, kisha akarudi kivulini. Baba yao hakusema kwamba kijana amefanya kwa ridhaa yake, basi yaishe. Alituma aitwe ili alipwe. Kisha wakaafikiana juu ya kazi ya muda unaojulikana, miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake mwenyewe. Hapo ndipo ridhaa ilipo. Mapatano yawe wazi kwanza, na kinachozidi ndicho cha hiari.

Kule Marekani hawakuanza kwa mapatano, walianza kwa jina. Mwaka 1955 kijana mmoja, Ray Dennison, aliyekuwa akikichezea chuo kimoja cha jimbo la Colorado, aliumia kichwa mchezoni akafa. Mjane wake akadai fidia, kama anavyodai mjane wa mtu aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ilimnyima, ikasema mumewe hakuwa mwajiriwa wa chuo. Katika miaka hiyohiyo NCAA ilishikilia jina jipya, "mwanafunzi-mwanamichezo", likakaririwa katika kila kanuni, ili asije mtu akamwita mchezaji mfanyakazi. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho tangu 1951 kwa zaidi ya miaka 35, aliyakiri hayo mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, alipokwisha kustaafu. Sisi watu wa maneno twaijua hila hii. Ukitaka kuificha haki ya mtu, anza kwa kumbadilisha jina.

Sasa nije kwetu. Tangu miaka ya 1970 vijana wa Kenya wamekuwa wakivuka bahari kwenda kukimbia kwa jina la vyuo hivyo. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata mwenziwe wa chuo hichohicho, Henry Rono, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Jambo kama hilo dunia haikuwa imeliona. Chuo kikapata sifa, na bendera yetu ikapata sifa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ridhaa. Na kwa kuwa Kenya iliisusia Olimpiki ya 1976 na ya 1980, hata medali ya Olimpiki hakuivaa.

Miaka ya baadaye Rono alisumbuliwa na ulevi na ufukara, na mwenyewe aliyasimulia hayo bila kificho. Bingwa wa dunia alibeba mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege huko Marekani. Alifariki Februari 2024, akiwa amekwisha rudi nyumbani. Sisemi kwamba ujira ungemwokoa, kwani maisha ya mja yana sababu nyingi na mtihani wa ulevi haujali tajiri wala maskini. Nasema kwamba hesabu yake haikuwa sawa. Waliovuna katika mbio zake walikuwa wengi, na aliyekimbia alikuwa mmoja.

Wala si mambo ya kale tu. Edward Cheserek, kijana wa Kenya, aliukimbilia University of Oregon na kutwaa ubingwa wa NCAA mara 17 kati ya 2013 na 2017. Wakati wake kanuni ilikuwa bado ileile.

Ukuta ulianza kubomoka mahakamani. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, bingwa wa zamani wa mpira wa kikapu wa chuo cha UCLA, alishtaki baada ya kuona sura yake ikiuzwa ndani ya mchezo wa kompyuta bila ya kuulizwa wala kulipwa. Tazama tena neno letu, msomaji: hapakuwa na ridhaa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, iliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuweka kikomo kwa misaada inayohusu masomo. Julai mwaka huohuo wanamichezo wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao. Kisha tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha suluhu ya kesi ya House: dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza tangu 2016, zilipwe kwa miaka 10, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kiliwekwa dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja.

Hapa ndipo penye mwiba kwa watu wetu. Kijana atokaye Kenya huingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, nayo humfunga asifanye kazi ila kwa masharti finyu. Kanuni za michezo zimebadilishwa, sheria ya uhamiaji haikubadilishwa pamoja nazo. Kwa hivyo yule mwenyeji anayekimbia naye bega kwa bega aweza kutia sahihi mkataba wa viatu mchana kweupe, na mgeni aogopa kutia sahihi asije akarudishwa kwao. Mbio ni moja, jezi ni moja, jasho ni moja. Katika kugawana ndipo anapokumbushwa kuwa yeye ni mgeni.

Wengi wa wakimbiaji hao ni ndugu zetu wa Bonde la Ufa, si watoto wa Pwani. Lakini dhuluma haiulizi mtu kabila. Leo barua imekwenda Iten kwa ajili ya mbio, kesho yaweza kuja Likoni au Malindi kwa ajili ya mpira.

Hoja nyingine ya wapinzani ni kwamba vyuo vingi havina faida katika michezo, na fedha zikimiminwa kwa wachezaji wa kandanda, timu za kuogelea, za mieleka na za wanawake zitafungwa. Hofu hiyo si ya uongo. Sehemu kubwa ya fidia ile imepangiwa wachezaji wa kiume wa kandanda na mpira wa kikapu, na baadhi ya wanamichezo wa kike walikata rufaa. Tena fedha nyingi mkononi mwa kijana wa miaka 18 asiye na mtu wa kumwongoza ni fitina nyingine.

Kwa haya yote mimi nitajibu kwa desturi ya wavuvi wetu. Chombo kikirudi pwani, mwenye chombo ana fungu lake, mwenye nyavu ana lake, na mabaharia wana lao. Bahari ikinyima, hapana anayedai, wote hulala na njaa yao. Lakini samaki wakijaa, hapana nahodha awezaye kuwaambia mabaharia kwamba wao malipo yao ni kujifunza uvuvi. Chuo kisichopata kitu kitoe elimu, na elimu hiyo iwe ya kweli, si cheti cha kumpitisha mtu ili acheze. Chuo kinachovuna mamilioni kigawe mafungu, na wanawake na wageni wahesabiwe humo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa mfanyakazi alipwe kabla ya jasho lake kukauka. Hakutaja kwamba kwanza aulizwe pasipoti.

Nanyi wazazi, mtoto akiletewa barua ya kumwita ng'ambo, msiishie kuisoma kwa furaha tu. Ulizeni mambo matatu kabla ya sahihi. Akiumia, nani atamtibu, na kwa muda gani? Asipoweza tena kukimbia, masomo yake yataendelea? Na jina lake na picha yake, vitatumiwa na nani, kwa faida ya nani? Akijibiwa wazi naye akakubali, hiyo ndiyo ridhaa. Asipojibiwa, basi walioridhia ni wengine, na yeye ameridhiwa tu.

Nami nafunga kwa ubeti mmoja:

Jasho lililomvuja, halilipwi kwa makofi,
Akidai yake haja, msimwite ni mlafi,
Mkila naye pamoja, ndipo haki huwa safi,
Mpeni ujira wake, jasho halijakauka.