Hukumu Haina Mwenyewe: Ilani ya Usomi wa Sheria Ulio Wazi

Mwaka 1988, Muleba mkoani Kagera, mwanamke mmoja aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Jamaa yake akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikautengua uamuzi huo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1990 jaji akaamua kwamba haki za msingi zilizomo ndani ya Katiba zimeufuta ubaguzi ule: mwanamke atauza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayouzia mwanamume.

Wanasheria wanaiita kesi ya Ephrahim na Pastory. Imechapwa katika International Law Reports, na wasomi wa Ulaya na Marekani wameichambua miaka na miaka. Lakini tuitazame safari yake. Ugomvi ulisikilizwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachozungumzwa katika Mahakama ya Mwanzo. Neno la mwisho lilitolewa kwa Kiingereza. Uchambuzi mwingi uliofuata umeandikwa kwa Kiingereza tena, katika majarida yanayodai malipo kwa kila makala. Mwanamke wa Muleba anayenyang'anywa shamba leo ana haki iliyokwisha kushindaniwa na kupatikana, naye hana njia ya kuisoma.

Sisi tunaotia saini ilani hii ni walimu na wanafunzi wa sheria, mawakili, wasaidizi wa kisheria na watafsiri, wa Bara na wa Zanzibar. Tunaanzisha vuguvugu kwa ajili ya jambo moja. Usomi wa historia ya katiba yetu na wa haki za raia wetu usomwe na raia wenyewe, kwa Kiswahili, bila malipo, na wanaouandika wasipoteze haki juu ya kazi zao.

Sababu ya kuanza sasa iko katika sheria. Sheria ya mwaka 1994 inayoweka utaratibu wa kudai haki za msingi mahakamani ilirekebishwa mwaka 2020. Marekebisho hayo yalimtaka anayefungua shauri aeleze kwa kiapo namna yeye mwenyewe alivyoathirika. Kabla ya hapo mwanaharakati au taasisi iliweza kusimama mbele ya Mahakama Kuu kwa niaba ya wengi. Ndivyo Rebeca Gyumi alivyofanya mwaka 2016, alipopinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuozwa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Alishinda Mahakama Kuu, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi wake. Tunaamini marekebisho ya 2020 yaliufanya mlango huo kuwa mwembamba bila sababu, na tutaendelea kusema hivyo. Kwa marekebisho hayo mzigo wa kujua ulimwangukia aliyeumizwa. Yeye ndiye anayetakiwa kutambua kwamba alichotendewa kinagusa ibara fulani ya Katiba. Atatambuaje, ikiwa maelezo ya ibara hiyo yameandikwa kwa lugha asiyoisoma na kuuzwa kwa bei asiyoimudu?

Tunaanzia kwenye hakimiliki kwa sababu wasomi wenzetu wengi hawaijui sheria inayowahusu wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatamka kwamba sheria za nchi, maamuzi ya mahakama na tafsiri zake rasmi havilindwi na hakimiliki. Hilo si jambo geni duniani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa mwaka 1834, katika kesi ya Wheaton na Peters, kwamba mtu anaweza kumiliki hukumu za majaji wake, na mwaka 2020 ikaikatalia serikali ya jimbo la Georgia hakimiliki juu ya maelezo yaliyoambatishwa kwenye sheria za jimbo hilo. Hukumu ni mali ya wote. Mahakama yetu imelitekeleza hilo vizuri kupitia TanzLII, ambako maelfu ya hukumu yanapatikana bure, na wenzetu wa Kenya wana chombo cha kutoa taarifa za sheria kilichoundwa kwa sheria ya 1994. Tunawapongeza wote wanaoifanya kazi hiyo. Aliyesoma sheria enzi ambapo juzuu za ripoti zilichelewa kwa miaka anajua thamani yake.

Hukumu iko wazi, lakini maelezo yake yamefungwa. Mwalimu wa chuo kikuu cha umma, anayelipwa mshahara kwa kodi, anasoma hukumu isiyo na mwenyewe, anaandika makala, anaipeleka kwenye jarida la nje. Halipwi chochote. Anaombwa atie saini fomu ya kuhamisha hakimiliki, naye anatia bila kuisoma, kwa sababu anahitaji kupandishwa cheo. Kesho yake maktaba ya chuo chake inatakiwa kulipa ili wanafunzi wake wamsome. Msaidizi wa kisheria wa wilayani, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hana maktaba ya kulipiwa. Tunasema wazi kwamba mwandishi halazimiki kukabidhi kila kitu. Anaweza kutoa kibali cha kuchapisha na kubaki na hakimiliki. Anaweza kudai haki ya kuweka nakala katika hifadhi ya chuo. Anaweza kubakiza haki ya kutafsiri. Sheria haimkatazi lolote kati ya hayo. Ni mazoea tu.

Hapa tusieleweke vibaya. Hatusemi vitabu viibiwe. Nyumba za uchapishaji za nyumbani, kama Mkuki na Nyota iliyotoa kazi za Profesa Issa Shivji juu ya Muungano na juu ya mfumo wa katiba na sheria wa Tanzania, zinaishi kwa kuuza vitabu, na mwandishi wa kitabu ana haki ya jasho lake. Kudurufu kitabu kizima kwenye steshenari ya pembeni mwa chuo ni kumdhulumu mtu, na sisi wanasheria ndio wa kwanza kupaswa kuona aibu. Tunachokipinga ni ule mkataba ambao mwandishi halipwi, msomaji anatozwa, na mwenye kodi anagharimia pande zote mbili.

Historia ya katiba yetu imejaa mambo yaliyoamuliwa bila wengi kuyaona. Katiba ya uhuru ya Tanganyika ya 1961 haikuwa na orodha ya haki zinazodaiwa mahakamani. Hoja ya viongozi ilikuwa kwamba haki hizo zingelifunga mikono taifa changa lenye haraka ya kujenga, na zingewapa majaji, waliokuwa wageni wengi wao, uwezo wa kuzuia maamuzi ya serikali. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja mwaka 1965 nayo ikakataa haki hizo ziwe sehemu ya Katiba yenye nguvu ya kisheria, ikapendekeza badala yake Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Zanzibar ilikuwa na haki hizo katika katiba yake ya 1963, lakini katiba yenyewe ikaondolewa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Bara zilikuja kuingia kwa mabadiliko ya 1984, na hata hapo serikali ikajipa miaka mitatu ya matayarisho, hivyo raia hakuweza kuzidai mahakamani hadi Machi 1988.

Kila aliyezaliwa kabla ya Machi 1988 aliishi sehemu ya maisha yake katika nchi ambayo haki hizo hazikuwa na mahakama ya kuzitetea. Wangapi wanalijua hilo? Kitabu cha Profesa Chris Maina Peter kilichokusanya kesi zetu za haki za binadamu, kazi kubwa ambayo vizazi vya wanafunzi vimeitegemea, kilichapishwa Köln, Ujerumani, mwaka 1997. Tunamshukuru mwandishi na tunamshukuru mchapishaji. Tunasikitika kwamba kesi za Musoma, Mwanza na Dodoma zilihitaji kwenda hadi kwenye mto Rhine ili ziwe kitabu.

Na Muungano. Hati ya Muungano ilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964. Nusu karne baadaye, Bunge Maalum la Katiba likiwa limeketi Dodoma, wajumbe walikuwa bado wanadai waonyeshwe hati ya asili, na serikali ikaionyesha hadharani Aprili 2014. Taifa lisibishane miaka 50 kama waraka wake wa kuzaliwa upo au haupo! Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani, katika shauri la uhaini la Machano Khamis Ali na wenzake 17, iliamua kwamba Zanzibar si dola na kwa hiyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi yake. Miaka kumi baadaye Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa na kutamka kwamba Zanzibar ni nchi. Sentensi hizo mbili, moja ya majaji na nyingine ya Baraza la Wawakilishi, bado zinatazamana. Kila mwaka wa uchaguzi watu wanazigombania barazani na vijiweni, na wengi wanaozigombania hawajawahi kupewa hukumu yenyewe waisome.

Wapo watakaotuambia kwamba jambo hili limekwisha kupata dawa, kwa sababu mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia siku ile, na tunaendelea kushangilia. Lakini mahakama zetu hufuata maamuzi yaliyotangulia. Hakimu anayeandika hukumu kwa Kiswahili leo bado anaegemea uamuzi wa 1991 wa Daudi Pete, uliobatilisha kifungu kilichonyima dhamana kwa makosa ya kutumia nguvu au kuwa na silaha, nao uko kwa Kiingereza. Nyuma yetu kuna miongo sita ya hoja ambazo hazijatamkwa kwa lugha tunayoidai kuwa ya mahakama. Zisipotafsiriwa, hukumu mpya za Kiswahili zitakuwa na mizizi ambayo msomaji wake haioni.

Basi tunachokitaka ni hiki. Vyuo vikuu vya umma vihesabu makala ya Kiswahili kwa uzito ule ule katika kupandisha vyeo, na tafsiri nzuri ya hukumu kubwa ihesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma, maana ni kazi ya kitaaluma. Utafiti uliogharimiwa na umma uwe na nakala iliyo wazi katika hifadhi ya chuo. Jarida la Eastern Africa Law Review, linalotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1968, lisomwe bure kuanzia toleo lake la kwanza. Ripoti ya Tume ya Jaji Nyalali ya 1991, iliyotaja sheria 40 za kurekebishwa au kufutwa, pamoja na maoni ya wananchi yaliyokusanywa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba, vihifadhiwe mahali pamoja na visomwe na yeyote. Wananchi waliosimama kwenye mikutano ile na kutoa maoni yao ndio wenye maneno yale.

Sisi wenyewe tunajifunga. Hatutatia saini fomu inayohamisha hakimiliki yetu yote bila kujadiliana. Kila makala tutakayoandika kwa Kiingereza itatoka na muhtasari wa Kiswahili unaojitosheleza. Tafsiri zetu za hukumu si rasmi, hivyo kwa sheria ya 1999 zinalindwa na hakimiliki yetu. Tutaziachia kwa leseni ya Creative Commons yenye sharti moja tu, kutaja jina la mtafsiri. Kila tafsiri itasomwa na watu wawili, mwanasheria na mtu wa lugha, na itasema wazi kwamba mahakamani linalohesabika ni andiko la asili. Majina ya watoto na ya waliofanyiwa ukatili tutayaficha hata pale ambapo mahakama haikuyaficha. Uwazi tunaoudai ni wa hoja za sheria; maumivu ya mtu si hadithi ya kusambaza.

Tunaanza na kesi za Mchungaji Christopher Mtikila juu ya mgombea binafsi. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, akiwa Dodoma, alimpa ushindi. Bunge likaibadilisha Katiba mwaka huo huo. Mahakama Kuu ikampa ushindi tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, liachiwe vyombo vya kisiasa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zake. Ni hukumu nne, na ndani yake umo mvutano wote wa nchi hii juu ya nani mwenye kauli ya mwisho, Katiba, Bunge au mahakama. Anayetaka kubishana juu ya katiba mpya azisome kwanza. Wawili kati yetu wamekwisha kuichukua hukumu ya Lugakingira. Nyingine tatu bado hazina watu, na baada yake ziko Ephrahim na Pastory, Daudi Pete, Machano na Gyumi. Utakayetia saini, andika pembeni ya jina lako hukumu unayoichukua na mwezi utakaoikabidhi.