Nuru Haina Kabila

Wako watu katika miji inayouzunguka Mlima Kenya wasemao kuwa elimu ya atomu ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba kijana wa Nyeri yamtosha kujua kahawa, chai na ng'ombe. Kwa maneno haya vijana wengi huiacha fizikia wakati wa kuchagua masomo. Maneno haya yavaa joho la busara, lakini busara hayana.

Tazama, ewe msomaji, taa ya mrija katika duka la Karatina au Nanyuki. Ndani yake mna mvuke wa zebaki. Umeme huzichochea atomu za zebaki, nazo hutoa nuru isiyoonekana. Unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza ikaonekana. Je, atomu hizo ni za wageni?

Mwaka 1993 wataalamu wa Boulder, Marekani, walizinasa atomu mbili za zebaki, kila moja imepungukiwa na elektroni moja, wakazimulika kwa leza. Nuru iliyotoka kwake ilichora mistari ya mwanga na giza. Tupa mawe mawili pamoja katika maji matulivu ya mto Chania, utaona mfano wake: kilele cha wimbi kikikutana na kilele, maji huinuka, kilele kikikutana na bonde, maji hutulia. Hivyo nuru juu ya nuru yaweza kuzaa giza. Ajabu kubwa zaidi ni hii: nuru ilipotoka kwa namna iliyoiachia atomu alama ya kuitambulisha kuwa ndiyo iliyoitoa, mistari haikuonekana. Mistari huonekana pale tu njia ya nuru isipoweza kujulikana.

Watauliza, faida yake nini? Elimu ya atomu zinazochochewa ndiyo iliyozaa saa za atomu. Saa hizo zimo katika setilaiti zinazoiwezesha simu ya dereva wa matatu kujua mahali ilipo kati ya Nyeri na Nanyuki. Mwenye kuibeza elimu hii huibeza huku ameitia mfukoni.

Penye miti, walinena wazee, hapana wajenzi. Taa tunazo, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko Nyeri. Usikubali kuambiwa kuwa wajibu wako ni kuinunua nuru, na wajibu wa wengine ni kuijua. Nuru haina kabila. Humwangazia kila aulizaye.