Tusiihukumu Divai ya Dodoma kwa Joto la Dar es Salaam

Imekuwa desturi miongoni mwetu tuishio Kinondoni na Temeke kuamini kwamba divai nyekundu iliyo bora haina budi kutoka Ufaransa au Afrika Kusini, na kwamba ile ya Dodoma ni ya kuvumilia tu. Niliporejea kutoka masomoni Ulaya nilikuwa na imani hiyo. Chupa ya kwanza niliyonunua katika duka moja la mtaani ilikuwa kali kama siki, nami nikailaumu Dodoma. Leo nakiri kwamba lawama ile haikuwa ya haki.

Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani, hulala, kisha huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma, iliyo yapata nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, haina baridi ya kuulaza. Hapa kazi hiyo hufanywa na makasi ya mkulima: akisha kupogoa, mmea huchipua upya, naye aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hewa kavu ya kiangazi nayo hupunguza magonjwa ya ukungu. Zao hili, lililopandwa na wamisionari huko Bihawana katika miaka ya 1950, lina hata aina yake ya zabibu iitwayo Makutupora Nyekundu.

Basi kasoro yaingia wapi? Mara nyingi huingia njiani na dukani. Joto huitanua divai ikasukuma kizibo, hewa ikapenya, na bakteria wakageuza kileo kuwa asidi ya siki. Chupa iliyosimamishwa juani miezi kadhaa haiwezi kunusurika, ijapokuwa imetoka Bordeaux.

Tena tumepokea bila kuhoji kanuni kwamba divai nyekundu hunywewa katika joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Chumba cha Mbagala hufikia 30.

Kwa hiyo, ndugu wauza maduka, zilazeni chupa kivulini, mahali penye ubaridi. Nawe mnunuzi, itie chupa yako katika jokofu kwa nusu saa kabla ya kuifungua. Ndipo tuonje, ndipo tutoe hukumu. Mkulima wa Hombolo, ambaye soko la zabibu zake latutegemea sisi, astahili kupimwa kwa kazi yake, si kwa uzembe wetu.